Miezi minne nalipia "IP ya kudumu" hapa Dodoma, ubao wangu haufikiki, na sasa nimefutwa kwenye mtandao wa barua

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nina hasira, kwa hiyo wale wa "fupisha mkuu" piteni tu salama. Mods, naomba msiuunganishe na ule uzi wa bando kuisha. Hii siyo habari ya bando.

Kwa msiojua, mimi naendesha BBS. Ubao wa kompyuta wa kizamani, herufi tupu kwenye skrini nyeusi. Mtu anaingia kwa telnet (njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), anasoma barua, anajibu, anatoka. Kitu hiki kilianza Chicago, mwanzoni mwa 1978, Ward Christensen na Randy Suess walipofungiwa ndani na theluji wakaamua kujenga mahali pa kuachiana ujumbe. Wangu uko Nkuhungu, juu ya kabati la vyombo, ndani ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama pakiti ya sigara. Una watumiaji tisa.

Ndiyo, tisa. Cheka umalize tuendelee.

Wawili ni vijana wa UDOM. Mmoja ni mzee wa Makole, fundi redio mstaafu, ambaye anaandika kwa herufi kubwa tupu na hataki kurekebishwa. Kuna mama analima zabibu Hombolo, yeye huingia akiwa na jambo la ubwiri unga tu, ule ugonjwa wa ukungu wa mizabibu, akishajibiwa haonekani mwezi mzima. Waliobaki ni jamaa zangu niliowaburuza. Nawapenda wote, ila ubao wa watu tisa una ugonjwa wake: kufikia Jumatano kila mtu ameshasema alichokuwa nacho, na hadi Jumapili ni kimya kama makaburini.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana zamani. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alitengeneza programu inayowezesha mbao mbili kupigiana simu usiku zenyewe na kubadilishana barua. Ikawa FidoNet, na katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na nodi (yaani mbao zilizounganishwa) zaidi ya 30,000 duniani. Hakuna seva moja ya katikati. Mzee wa Makole anaandika kwangu, mashine yangu inafunga barua kwenye kifurushi na kuipeleka kwa habu (mwenye ubao wa kugawia barua), habu anaigawa kwa kila ubao unaobeba chumba hicho cha mazungumzo, na asubuhi mtu wa mbali kabisa anaisoma akiwa na chai yake. Kila ubao una namba yake: kanda, mtandao, nodi. Afrika ilipewa kanda ya 5.

Leo ipo mitandao midogo kadhaa ya namna hiyo, inaendeshwa na watu wa hobi tu. Nikaomba kujiunga na mmoja wao (sitautaja, mtaona kwa nini) mwezi Februari. Nikajaza fomu, nikasubiri wiki tatu, nikapewa namba. Niliiandika kwa kalamu ya wino mzito nikaibandika ukutani. Mke wangu akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Sasa tuje kwenye kidonda chenyewe.

Zamani mbao zilipigiana kwa modemu. Siku hizi zinakutana kwenye intaneti kwa itifaki ya binkp, porti (yaani mlango wa mashine) 24554. Ili uwe nodi kamili, habu anatakiwa akubishie hodi saa yoyote nawe uitike. Kwa hiyo unahitaji anwani ya IP, ile namba ya mashine kwenye intaneti, inayofikika kutoka nje. Mwezi Machi nikaenda ofisini kwa hawa wanaonipa intaneti ya faiba. Nikamweleza dada wa mapokezi kila kitu, taratibu, hadi nikamchorea.

"Kaka, wewe unataka IP ya kudumu. Ipo. Elfu thelathini na tano kwa mwezi juu ya kifurushi chako."

"Na mtu aliye nje ataweza kuifikia mashine yangu?"

"Bila shaka, kaka. Ndiyo maana inaitwa ya kudumu."

Hapo ndipo nilipaswa kugeuza baiskeli nirudi nyumbani. Nikalipa. Kijana wa ufundi akaja kesho yake, akabonyeza mambo mawili kwenye ruta, akaniambia "imeshakaa hiyo, bro", akanywa maji, akaondoka. Nikafungua porti, nikawasha programu, nikamwandikia habu ajaribu. Kimya. Nikamwomba kijana wa UDOM ajaribu kwa simu yake. Kimya. Usiku mzima nimejilaumu mimi. Nimesoma mpangilio wangu mstari kwa mstari, nimefuta nimeandika upya, nimezima kinga zote, hadi saa tisa usiku bado najiona mjinga ni mimi.

Alfajiri nikafungua ukurasa wa ruta nikatazama namba niliyopewa. Inaanza na 100.81.

Wanaojua wameshaguna. Kwa wasiojua: namba zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi moja tu, kampuni za intaneti zizitumie ndani kwa ndani, wateja wengi wakigawana namba moja ya nje. Wanaita CGNAT. Ifikirie kama nyumba ya kupanga yenye vyumba arobaini na sanduku moja la posta. Kutuma barua unatuma kokote. Ila anayekuandikia wewe hana pa kuandika zaidi ya S.L.P. ile moja, na barua ikifika haijulikani ni ya chumba kipi, inatupwa. Mimi nimeuziwa namba ya chumba. Na kweli haibadiliki! Chumba changu ni kilekile tangu Machi! Elfu thelathini na tano kwa mwezi ili chumba changu kisibadilishwe namba ambayo hakuna aliye nje ya geti anayeiona.

Ukitaka kujua kama na wewe umo, angalia namba iliyo kwenye ukurasa wa ruta, halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikitofautiana, karibu chumbani.

Na msije mkaniambia namba zimeisha duniani. Najua. AFRINIC, wanaogawa namba hizi Afrika, waliingia awamu ya pili ya kuishiwa Januari 2020. Uhaba siulalamikii. Nalalamikia kuulizwa swali moja la ndiyo au hapana, "ataifikia?", na wewe ukajibu ndiyo kwa sababu mashine ya risiti iko karibu. Angeniambia "hapana kaka, hatuna", ningemshukuru nikaenda zangu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya hata mmoja wetu kuona tovuti, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa ndani ya mtandao ulioitwa ESANET, pamoja na wenzao wa Nairobi, Makerere, Lusaka na Harare. Teknolojia yao ilikuwa ni hii hii ya Fido. Modemu, laini ya simu inayokoroma, kompyuta ambayo leo hata fundi wa Majengo hawezi kuinunua kama chuma chakavu. Barua zilikusanywa, zikabanwa, zikasafirishwa kwa mkupuo kwa sababu dakika ya simu ya kimataifa ilikuwa moto. GreenNet ya London ilikuwa na lango la kuziunganisha nodi za Afrika na dunia nzima. Na ilifanya kazi! Kwa nini? Kwa sababu namba ya simu ya Dar ilikuwa namba. Mtu wa London akiipiga, inalia Dar. Leo nina faiba mpaka sebuleni, kasi ambayo wale wangeiona uchawi, na anayenipigia hapati hata mlio.

Basi nikaishi nusu maisha. Binkp ina huruma kidogo, mashine yangu inaweza kwenda yenyewe kwa habu kuchukua na kupeleka, haihitaji kupigiwa. Nikaipanga iende saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwanza umeme wa hapa kwetu haukatiki saa hizo mara nyingi, pili ndiyo saa ambayo enzi za modemu mbao zote za FidoNet za Ulaya zililazimika kuacha laini wazi kwa ajili ya barua. Ushamba wangu tu, niacheni. Barua zikaanza kuja. Mzee wa Makole akajibiwa na mtu wa ng'ambo kuhusu antena ya mawimbi mafupi, akanipigia simu saa moja asubuhi akipiga kelele kama amepata mjukuu.

Haikukaa. Kwanza likaja suala la ritifaa, kile kialama cha kwenye ng'. Watu wangu wanaandika kwa simu, na simu siku hizi inaweka ile ritifaa iliyopinda badala ya iliyosimama. Kwenye mbao za kizamani, zinazosoma seti ya herufi za zamani iitwayo CP437, ile moja inageuka vitu vitatu. Kijana wangu aliandika anakaa Chang'ombe, kule ikasomeka ChangΓÇÖombe. Ng'ombe akawa ngΓÇÖombe. Mwenye ubao mmoja huko akaniandikia hadharani niache kumwaga takataka kwenye chumba chao. Takataka! Sera ya FidoNet ya mwaka 1989 ilisema usiwaudhi wenzako kupita kiasi, na wewe usiwe mwepesi wa kuudhika. Huyu bwana alisoma nusu ya kwanza akalala. Nikaandika kiskripti cha kunyoosha ritifaa, kikaisha.

La pili ni kosa langu na nalikubali. Aprili umeme ulikatika katikati ya kupanga barua. Sina UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), nilikuwa nimeiweka kwenye bajeti ya Machi, mnajua pesa ya Machi ilikokwenda. Ulipowaka, faili linaloonyesha barua ipi imeshatumwa lilikuwa limerudi sifuri. Mashine ikaona barua zote zilizoandikwa kwetu ni mpya, ikazituma upya zote, 214, kwa mtandao mzima. Salamu za Pasaka zikafika mara ya pili. Swali la ubwiri unga likafika mara ya pili, na mtu akalijibu mara ya pili, Mungu ambariki. Niliomba radhi kila chumba.

Lakini hawakunifuta kwa hayo. Mwezi Mei msimamizi wa mtandao alifanya ukaguzi, akabisha hodi kwenye nodi zote, yangu haikuitika, akaiandika kwenye orodha ya nodi kuwa imezimika. Nikamwandikia: haijazimika, kila alfajiri naja kwako mwenyewe kuchukua barua, angalia kumbukumbu zako. Akajibu kwa mstari mmoja, "tafuta IP ya kweli." Jamani. NIMEITAFUTA. NINA RISITI.

Juni nikakodi seva ndogo Ujerumani, nikachimba handaki kutoka kabatini hadi kule, wageni wote wakawa wanaingilia huko. Ikafanya kazi siku ishirini na moja. Tafakarini tu: mzee yuko Makole, mimi Nkuhungu, kwa bodaboda ni muda wa kusikiliza nyimbo mbili. Ili asome barua yangu, herufi zake zinakwenda Ulaya zinarudi. Kisha kadi yangu ikakataliwa malipo ya mwezi wa pili, benki wananiambia niwasiliane na mfanyabiashara, mfanyabiashara ananiambia niwasiliane na benki. Seva ikafungwa. Nodi ikaandikwa imezimika tena, wiki mbili zikapita, na Jumatatu hii orodha mpya imetoka bila namba yangu. Karatasi bado iko ukutani.

Nimepiga huduma kwa wateja mara sita. Mara tano nimeambiwa nizime ruta niwashe. Mara ya sita yule kijana alinisikiliza vizuri, akanyamaza, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, hiyo mnayoitaka nyie huwa tunawapa ofisi tu." Asante mdogo wangu. Wewe peke yako katika kampuni nzima.

Ninachotaka: pesa yangu, 140,000, au anwani inayofikika. Moja kati ya hayo. Na nawaombeni mlio Dodoma, iwe Area D, Kisasa, Ilazo au kokote, ambaye ruta yake inaonyesha namba ileile inayoonekana nje, anijulishe ni mtaa gani. Niko tayari kuja na kabati langu.

Na wa "si ufungue grupu la WhatsApp tu mkuu", nimeshawaona mnaandika. Mzee wa Makole ana magrupu kumi na nne. Hajawahi kunipigia simu saa moja asubuhi kwa furaha ya hata moja.

NYONGEZA, saa nne usiku: Wamenipigia. Nanukuu: "Mteja wetu mpendwa, tumefuatilia malalamiko yako, IP yako iko sawa kabisa, haijabadilika tangu Machi, hivyo tiketi tumeifunga."

Nimefungua nyingine.