5900X au 5950X iliyotumika? Hizi kori zilizozimwa zinanichanganya

Mwana_Ilala
Wakuu salaam. Nimepata prosesa mbili zilizotumika pale Kariakoo, Ryzen 9 5900X na 5950X za AMD, tofauti ya bei ni kama laki nne. Sasa muuzaji kaniambia 5900X ni 5950X iliyofeli kiwandani, eti kori nne (viini vya kufanyia hesabu) zilikufa ndo zikazimwa ikauzwa bei chee. Ni kweli? Na zile nne haziwezi kuwashwa? Naogopa kubeba kitu kina ugonjwa ndani. Jamaa ananishikia mpaka kesho.

Nyundo
Unafanyia kazi gani mkuu? Bodi gani? Ramu? Pawa sapulai? Huwezi kuuliza prosesa ukaacha hayo yote.

Kipepeo88
Muuzaji kasema nusu ya ukweli. Zote mbili zina vipande viwili vya silikoni vyenye kori na kila kipande kimechongwa kori 8. Kwenye 5950X ziko hai zote 16, kwenye 5900X wamezima mbili kila upande zinabaki 6+6. Baadhi zilizimwa kwa sababu zina kasoro, baadhi zilikuwa zinakula umeme kupita kiwango, na naamini zipo zilizokuwa nzima kabisa zikazimwa kwa sababu soko lilitaka za kori 12. Hakuna mtu wa mtaani anaweza kuangalia chipu yako akajua yako ni ipi. Ila zile 12 zilizobaki zimepimwa, na kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya chipu) hujapunguziwa, ni 64MB ileile ya 5950X. Hiyo siyo chipu mgonjwa.

Mzee wa Lehemu
Kuhusu kuziwasha, kijana wangu, sahau. Mwaka 2010 nilikuwa na prosesa ya AMD, Phenom II X2 550, kori mbili dukani, nne kwenye silikoni. Bodi zenye chipu ya SB750 zilikuwa na kitu kwenye bayosi (programu ya kuwashia bodi) kinaitwa ACC, unakiweka Auto, unawasha upya, zilizolala zinaamka. Nikaweka. Mashine ikawaka imeandika Phenom II X4 B50, jina ambalo kwenye boksi halikuwepo, nikamwita mke wangu aje aone. Wiki mbili raha tupu. Ikaja kazi ya harusi ya mtu wa Temeke nikairenda usiku kucha, asubuhi naicheki, bi harusi anashuka ngazi uso wote umejaa vimraba vya kijani, vinapotea vinarudi. Nikarenda tena, safari hii vimehamia kwenye keki. Nikalaumu ramu nikabadilisha, nikalaumu disku nikabadilisha. Siku ya tatu ndo nikawasha Prime95, programu ya kuitesa prosesa kuona kama ni nzima, kori ya nne ikatoa kosa hata dakika haijaisha. Ya tatu ilikuwa nzima kabisa. Kosa ni langu, kiwanda kilishaizima mimi nikaiamsha. Mteja nilimrudishia hela yake yote.

Mwana_Ilala
Daah pole sana mzee wangu. Kwa hiyo hizi za sasa hazifunguki kabisa?

Mzee wa Lehemu
Hazifunguki. Siku hizi ni fyuzi ndani ya chipu, zikishachomwa kiwandani hakuna bayosi itakayozirudisha.

Tanga_Raha
Mimi bado naamini kuna mengi tunafichwa. Threadripper 1950X, prosesa kubwa ya AMD ya 2017, ilikuwa ya kori 16, yule Mjerumani fundi wa kufungua prosesa, der8auer, akang'oa kifuniko akakuta vipande vinne. Vinne mara nane ni 32! AMD wakasema viwili ni vya kushikilia kifuniko tu. Mwaka uliofuata hao hao wakatoa 2990WX ya kori 32, dola 1,799. Sasa niambieni.

Kipepeo88
Kuwa na silikoni siyo kuwa na kori mkuu. Kifuniko kipana vile, hitisinki (chuma cha kupoza) inakikandamiza, ukiacha pembe tupu kinapinda. Na hiyo 2990WX vipande viwili havikuwa na njia yao ya ramu, vilikuwa vinaomba kwa jirani, kuna programu zilikwenda taratibu kuliko kwenye ya kori 16.

Tanga_Raha
Hayo ni maneno yao. Mimi sijaridhika.

BintiPwani
Mnabishana na mwenye mada hajajibu swali la Nyundo. Kama ni video angalia i7-12700K ya Intel kaka yangu, mimi ninayo, kazi za HEVC 10-bit 4:2:2 (video za kamera zenye rangi nyingi) zinateleza sababu ina grafiki ya ndani inayosoma hizo video. Ila usichukue yenye F mwishoni, hiyo grafiki imezimwa. Na hata 12700K ni silikoni ileile ya 12900K, wamezima kori ndogo nne, kwa hiyo mambo ya kuzima yako kila upande.

Mwana_Ilala
Samahani wakuu nilikuwa kwenye daladala. Naedit video za harusi, Premiere, kamera ni Sony. Bodi A320, ramu 16GB, kadi ya grafiki 1050 Ti.

Nyundo
A320!! Hilo ndo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza. Hizo prosesa zote mbili zimeandikwa wati 105 lakini kwenye soketi zinavuta mpaka 142, na bodi nyingi za A320 sehemu ya kugawa umeme ziko uchi bila hitisinki, kwa joto la Dar mchana itajipunguzia spidi utalia. Na ramu 16 kwa kori 12 haitoshi, hiyo laki nne iweke kwenye bodi na ramu.

BintiPwani
Au auze bodi na ramu ahamie Intel kabisa.

Nyundo
Dada umeshampigia mahesabu? Bodi mpya, feni mpya, labda na pawa sapulai.

chipsi_mayai
Naingilia kidogo wakuu, mimi nina 5600X, nimesikia baadhi zina vipande viwili kimoja kimezimwa. Najuaje yangu bila kung'oa kifuniko?

Kipepeo88
Za hivyo zipo kweli, lakini usikiguse kifuniko, kimeshikwa kwa lehemu, ukikivuta unaondoka na silikoni.

Mwana_Ilala
Jamaa kanipigia sasa hivi, 5950X imeshaondoka. Imebaki 5900X.

Nyundo
Usilipe kwanza. Fungua kesi, angalia pembeni ya soketi kama kuna hitisinki, na soma toleo la bayosi kama linaitambua 5900X.

Mwana_Ilala
Niko kazini mkuu, nikifika nyumbani jioni nafungua napiga picha naweka hapa.