Tensa veli palatini: kwa nini neva yake ni tofauti?

mwanafunzi_afya: Wakuu habari zenu, misuli mingine yote ya kaakaa laini (sehemu laini ya nyuma ya paa la mdomo) inapata neva ya vagasi (neva ya kumi ya fuvu) ila msuli wa tensa veli palatini inapata neva ya tano ya fuvu, kwa nini huu tu? Na kazi yake hasa ni nini?

mzee_wa_anatomia: Chimbuko mkuu. Kwenye kiinitete unatokana na tao la kwanza la koromeo (mojawapo ya mikunjo ya shingoni mwa kiinitete inayojenga uso na koo) pamoja na misuli ya kutafuna, ndo maana unatumia tawi la mandibula (la taya la chini) la hiyo neva ya tano. Unaanzia chini ya fuvu na kwenye mrija wa Yustakio (unaounganisha sikio la kati na koo), unashuka, kano yake inazunguka kindoano cha mfupa kama kamba kwenye kapi halafu inaingia kaakaani kwa ulalo na kulikaza. Kulinyanyua ni kazi ya levata, msuli mwingine wa kaakaa, usichanganye.

nesi_masikio: Na masikio jamani! Ukimeza au ukipiga miayo msuli huu ndo unafungua huo mrija hewa ipite, ndege ikishuka masikio yanaziba ukimeza mate yanazibuka. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka msuli haushiki vizuri, majimaji yanajaa nyuma ya ngoma ya sikio na hasikii vizuri, apimwe masikio mapema tafadhali.

mwanafunzi_afya: Asanteni sana, hiyo ya tao la kwanza ndo nilikuwa naitafuta.