Programu ya duara la Mohr: inajenga mainjinia au inawalemaza?

Boriti_Ubungo: Wadau, mwaka wa pili uinjinia tumewekewa programu ya kuchambua mikazo, yaani nguvu inayobebwa na kila eneo la kipande. Unaingiza namba, unaburuta mshale, kipande kinazunguka na duara la Mohr, ule mchoro unaoonyesha mikazo ya kipande kwa kila pembe, linakufuata papo hapo. Mhadhiri anataka tuache kuchora kwa mkono. Mnaonaje?

Mkongwe77: Mohr, yule injinia Mjerumani, alilichora 1882, hakuwa na kompyuta. Sisi tulitumia bikari na penseli, na majengo yetu yamesimama.

Dada_Zege: Yamesimama? Lile ghorofa lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar, 2013 lilichorwa na programu? La Kariakoo Novemba 2024 je?

Mkongwe77: Usilete misiba ya watu hapa. La Kariakoo si ilisemekana walikuwa wanachimba chini?

Fundi_Manzese: Haya, tunakuja kwa mafundi. Injinia anafika saiti na kofia yake nyeupe, anapiga picha, anaondoka. Nondo kahesabu nani?

Dada_Zege: Fundi, nani kakutaja?

Fundi_Manzese: Mkishaanza habari za kuanguka najua mwisho wake.

Boriti_Ubungo: Jamani, mada! Chukueni kipande: 80 upande wa x, 20 wa y, mkazo wa kukata 40, zote MPa (newtoni kwa milimita ya mraba). Kitovu cha duara 50, nusu kipenyo 50, mkazo mkuu 100, mdogo sifuri. Kwa mkono nilizipata na sikuelewa kitu. Kwenye programu nikazungusha kipande digrii 26 na ushee, mkazo wa kukata ukaisha kabisa, huku duarani nimetembea digrii 53. Ndipo ile "pembe ya duarani ni mara mbili ya kipande" ikaniingia.

Mkongwe77: Chumba cha mtihani kina mshale wa kuburuta?

Zamu_ya_Maabara: Na sisi tusio na laptop? Kompyuta moja watu sita, umeme ukikatika ndiyo basi. Bikari haijawahi kuisha chaji.

Fundi_Manzese: Hiyo mia ya Boriti inataka nondo ya ngapi?

Dada_Zege: Huo ni mkazo, Fundi, si mzigo. Nondo ya milimita 16 ina eneo la milimita za mraba kama 201. Zidisha kwa 100, unapata kilonewtoni 20, kama tani mbili hivi.

Fundi_Manzese: 16 ya kweli, au ile imeandikwa 16 ukiipima inasoma 14?

Dada_Zege: Ikiwa 14 eneo linashuka hadi 154. Karibu robo nzima imeliwa.

Mkongwe77: Robo?! Hizo zinauzwa wapi? Mimi namwaga jamvi la zege Chanika wiki ijayo.