Kusawazisha milinganyo ya kemia: kwa macho, aljebra au namba za oksidesheni?

Mzani: Wakuu, njia ipi inamfaa mwanafunzi wa sekondari? Tuzijaribu kwa mlinganyo huu: KMnO₄ + HCl → KCl + MnCl₂ + Cl₂ + H₂O.

Kibiriti: Milinganyo ya kuungua, macho yanatosha. Anza na kaboni, fuata haidrojeni, oksijeni iwe ya mwisho maana O₂ iko peke yake, ukiirekebisha haivurugi kingine. Butani ya mtungi wa kupikia: C₄H₁₀ + 6½O₂ → 4CO₂ + 5H₂O, zidisha zote kwa 2 ipotee nusu. Wengi huharibu kwa kugusa namba ndogo za chini. Ukigeuza H₂O kuwa H₂O₂ ili oksijeni itoshe, hayo si maji tena, ni dawa ya kuoshea vidonda.

Herufi_X: Huo wa Mzani utakuzungusha ukitumia macho. Ipe kila dutu herufi, a hadi f kwa mpangilio ulioandikwa, kisha linganisha atomu za kila elementi kushoto na kulia. K: a = c. Mn: a = d. O: 4a = f. H: b = 2f. Cl: b = c + 2d + 2e. Weka a = 1: c na d ni 1, f ni 4, b ni 8, e ni 2½. Mara 2:
2KMnO₄ + 16HCl → 2KCl + 2MnCl₂ + 5Cl₂ + 8H₂O

Elektroni5: Jibu sahihi, ila hujaonyesha hiyo 16 imetoka wapi. Namba ya oksidesheni ya Mn (chaji ambayo atomu huhesabiwa kuwa nayo ndani ya kampaundi) inashuka kutoka +7 hadi +2, yaani inapokea elektroni 5. Mbili zinapokea 10. Kila Cl inatoa 1, kwa hiyo zinatakiwa 10, ndizo Cl₂ tano. Hapa ndipo wanafunzi huandika 10HCl na kukwama. Klorini nyingine 6 hazibadiliki, zinaingia kwenye KCl (2) na MnCl₂ (4).

Herufi_X: Jibu si lile lile? Aljebra ni fupi zaidi.

Elektroni5: Basi kagua huu mkuu:
2KMnO₄ + 3H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 4O₂ + 6H₂O

Mzani: Atomu zote zimetimia. Masi pia: 316 + 102 + 294 = 712, na kulia 174 + 302 + 128 + 108 = 712.

Elektroni5: Na bado si sahihi. O₂ yote hutoka kwenye H₂O₂, kila molekuli ya H₂O₂ ikitoa O₂ moja. Tatu haziwezi kutoa nne. Mn mbili zinataka elektroni 10, kila H₂O₂ inatoa 2, kwa hiyo ni 5H₂O₂, 5O₂ na 8H₂O. Aljebra hapa ina majibu yasiyo na idadi, kwa kuwa H₂O₂ huweza pia kuvunjika yenyewe kuwa maji na oksijeni.

Herufi_X: Hapo nimekubali. Herufi saba, elementi tano: ungebaki uhuru wa namba mbili badala ya moja.

Kibiriti: Na milinganyo ya ayoni (atomu zenye chaji) hesabuni chaji pia. Al + Cu²⁺ → Al³⁺ + Cu ina atomu sawa kila upande, lakini kushoto ni +2, kulia +3. Inayotakiwa ni 2Al + 3Cu²⁺ → 2Al³⁺ + 3Cu.