Goti limeharibikia jeshini, ofisi ya mafao inaniambia "hakuna rekodi". Huu ni uhuni!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Barua ya mafao ya ulemavu kutoka ofisi ya maveterani ya Marekani imefika. Ulemavu wa mgongo wameupa asilimia 10. Masikio kuvuma asilimia 10, na kuvuma hakupewi zaidi ya hapo, hata yavume usiku kucha. Goti limekataliwa. Wanakubali kwamba goti ni bovu. Wanakubali kwamba nilitumikia jeshi la Marekani. Wanachokataa ni kwamba moja limetokana na jingine, kwa sababu kwenye kabrasha langu la matibabu ya jeshini goti halikutajwa popote.

Sasa niwaulize mlioingia kama mimi, kwa ule mpango wa wahamiaji wenye lugha adimu ambao Kiswahili kilikuwa kwenye orodha yake: nani alithubutu kwenda zahanati? Uraia bado unausubiri, lafudhi yako inachekwa, na sajini anamwita mgonjwa mvivu mbele ya kikosi kizima. Unameza ibuprofen, unafunga bandeji, unabeba mzigo na wenzako. Mimi nilishusha makontena Afghanistan huku goti limevimba, nikasifiwa kwa kujituma. Leo kule kuvumilia ndiko wanakonipigia nako!

Na sheria haisemi hivyo, ndiyo maana damu inanichemka. Inataka vitu vitatu: ugonjwa ulionao sasa, tukio la jeshini, na maoni ya kitabibu yanayoviunganisha. Wala haidai uhakika. Uwezekano wa nusu kwa nusu unatosha, maana kifungu cha 5107 cha sheria ya mafao ya maveterani kinasema ushahidi ukilingana, aliyetumikia ndiye anapewa. Tena mwaka 2006, kwenye kesi ya Buchanan, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema kukosekana kwa rekodi za hospitali za wakati ule peke yake si sababu ya kuukataa ushahidi wa mtu kuhusu mwili wake mwenyewe. Daktari aliyenipima kaandika nini? "Hakuna rekodi, kwa hiyo haielekei." Basi. Maelezo yangu hakuyagusa.

Huyo daktari wa kampuni ya mkataba ni uzi mwingine kabisa. Goti linapewa asilimia kwa nyuzi (digrii) linazokunja: likiishia 45 ni asilimia 10, likiishia 30 ni 20, likiishia 15 ni 30. Kanuni inasema wazi kile kifaa cha kupimia nyuzi hakikwepeki. Yeye hakukitoa hata mfukoni. Alinitazama nikikaa, nikisimama, akaandika namba. Hakuniuliza linakuwaje siku linapovimba, na hilo nalo ni lazima aulize. Namba zile kazitoa wapi?

Halafu hesabu zao! Kumi na kumi kwao ni 19, maana ya pili inakatwa kwenye ile 90 iliyobaki, ndipo wanakusogeza hadi 20. Mwenye 50 na 30 anapata 65, inasomeka 70. Mwalimu wangu wa darasa la nne angechapa mtu.

Rufaa nakata. Tangu Februari 2019 njia ni tatu: dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, mapitio ya afisa mwandamizi, au Bodi ya Rufaa za Maveterani. Afisa mwandamizi anasoma kabrasha lilelile, barua ya shahidi hapokei, kwa hiyo nakwenda na dai la nyongeza. Mke wangu ataandika alivyoniona nikichechemea tangu likizo ya kwanza. Daktari wangu binafsi atasoma kabrasha lote kabla ya kutoa maoni. Na nyie mliopata barua kama yangu, mwaka mmoja usiwapite: ukiwahi, tarehe ya dai la mwanzo inabaki, na malimbikizo yanahesabiwa kutoka hapo.

Ninachotafuta humu ni watu tuliokuwa pamoja kwenye ile yadi ya makontena. Nahitaji barua yenye sahihi: uliona nini, wapi, mwaka gani. Usitie chumvi.

Na wale wa "nipe asilimia ya mafao yako nikufanyie fomu", msinifuate PM. Hamna kibali, na vyama vya maveterani vinafanya kazi hiyo bure.