Naomba ushauri: nataka programu ya kusomea maelezo ya Python kwenye terminali bila kula bando

KijanaWaMakorora

Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga, Makorora. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi pale Ngamiani, na jioni wateja wakiisha nafundisha vijana watano Python, lugha ya kuandikia programu. Mashine ni tatu za mtumba, mbili zina Linux, moja Windows. Intaneti ni hotspoti ya simu yangu.

Shida yangu hii. Kijana akikwama anafungua kivinjari, na akishafungua kivinjari harudi. Alikwenda kutafuta namna ya kuunganisha maneno, ukipita nyuma yake baada ya dakika tano yupo kwenye magoli ya jana. Bando la wiki linaisha Jumatano. Nikaona nitengeneze programu ndogo niipe jina uliza, mtu aandike:

uliza str.join

apate maelezo hapo hapo, asome, aendelee na kazi.

Toleo la kwanza lilikuwa linakwenda kwenye tovuti, linachukua ukurasa, linachambua HTML (alama zinazojenga ukurasa wa tovuti) na kutoa maandishi. Likafanya kazi wiki mbili. Halafu tovuti moja niliyoitegemea ikabadilisha sura, nikawa naletewa menyu na ombi la kukubali vidakuzi, maelezo hakuna. Na bando bado lilikuwa linaliwa, maana kila swali lilikuwa safari.

Sasa: niendelee kuchambua kurasa au nipakue kila kitu mara moja? Nibaki na Python au niandike upya kwa lugha ya Go ili iwe nyepesi? Na linaloninyima usingizi: nitafsiri maelezo yote kwa Kiswahili? Vijana wangu Kiingereza kinawapiga chenga. Nimeanza, nipo ukurasa wa nne.

Mpiga_Amri

Hongera mkuu. Ila kabla hujaenda mbali, andika hii:

python3 -m pydoc str.join

Imo ndani ya Python yenyewe, haitaki intaneti hata kidogo. Ukiandika for badala ya str.join inakupa maelezo ya neno for. Lugha nyingine nazo zina za kwao: Go wana go doc, Ruby wana ri, Perl wana perldoc. Mambo ya zamani haya, kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix kina tarehe ya 3 Novemba 1971 na amri ya man, ya kusomea maelezo hayo, tunayo mpaka leo.

Go achana nayo. Mashine zako zote zina Python tayari, na wanafunzi wako ndio watakaoirekebisha ukiwa umelala.

KijanaWaMakorora

Nimejaribu sasa hivi mkuu, nimebaki kuitazama skrini. Miezi miwili yote nahangaika na kitu kilikuwa ndani!

Lakini haijanimaliza shida. Kwanza maelezo yake ni mafupi kuliko yale ya mtandaoni. Pili pydoc inataka ujue jina. Anayejua kwamba kitu kinaitwa str.join huyo hana shida kubwa. Wangu wanajua wanachotaka kufanya, hawajui kinaitwaje.

Shangazi_Data

Mdogo wangu, kuchambua kurasa za watu mtandaoni acha leo. Nenda docs.python.org, sehemu ya kupakua, chukua furushi la HTML mara moja, weka kwenye flashi, gawa kwenye mashine zote tatu. Leseni inaruhusu, usifute tu taarifa ya hakimiliki. Humo kila jina lina kitambulisho chake: tafuta alama ya HTML ya dt yenye id ya str.join, na alama ya dd inayofuata ndiyo maelezo yenyewe. html.parser iliyomo ndani ya Python inatosha. Na sura haitabadilika, kwa sababu faili ni lako, lipo kwenye diski yako.

Sasa siri ambayo wengi hawaijui. Maelezo yanayotengenezwa kwa Sphinx (programu ya kutengenezea kurasa za maelezo), ya Python yakiwemo, huja na faili linaitwa objects.inv. Hiyo ni fahirisi. Mistari minne ya juu ni maandishi ya kawaida, yaliyobaki yamebanwa kwa zlib ili yapungue ukubwa. Ukiyafungua unapata mistari ya namna hii:

str.join py:method 1 library/stdtypes.html#$ -

Jina, aina yake, namba ya kipaumbele, na mahali lilipo. Ile alama ya dola ina maana "weka jina lenyewe hapa". Faili zima halifiki hata MB moja na lina majina yote yaliyomo kwenye fahirisi ya maelezo ya Python. Mwenzio nilikuwa naitengeneza fahirisi kwa mkono mpaka nilipoligundua, na sijawahi kumwambia mtu nilipoteza muda gani.

Mtu akikosea herufi, fanksheni ya difflib.get_close_matches itampa mpaka majina matatu yanayokaribia. Nayo imo humo humo, huhitaji kusakinisha kitu.

KangeStendi

Mimi ningeweka maelezo yote kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, nikatumia FTS5, sehemu yake ya kutafuta ndani ya maandishi. Ina kichakataji kinaitwa porter, kinakata mikia ya maneno, mtu akitafuta sorting anapata sort. Kwa Kiswahili weka tafsiri zako humo humo, umemaliza.

Baiskeli_Haina_Breki

Mnamdekeza tu. Kompyuta inaongea Kiingereza, wajifunze Kiingereza. Mimi nilijifunza kwa kamusi na sikufa.

MzeeWaSahare

Wanangu hamjambo. Nianze na KangeStendi. Porter imetungwa kwa ajili ya Kiingereza, inakata nyuma kwa kanuni za Kiingereza. Kiswahili neno linabadilika mbele na nyuma. Kupanga, nipange, imepangwa, zinapangika. Hiyo imepangwa, porter itaifanyaje? Itakuachia vile vile ilivyo. FTS5 ina kichakataji kingine kinaitwa trigram, kiliingia toleo la 3.34 mwaka 2020, kinakata neno vipande vya herufi tatu tatu na kupata kipande popote kilipo. Nacho hakitakufaa hapa, kwa sababu kinatafuta swali ndani ya maandishi. Wewe unataka kinyume chake: uwe na mzizi, uone kama umo ndani ya swali.

Kijana wa Makorora, wewe upo Ngamiani, utanielewa. Barabara zetu zina namba. Mwenye namba anafika bila kuuliza mtu, hiyo ndiyo pydoc, hiyo ndiyo objects.inv. Lakini nani Ngamiani anaelekezwa kwa namba peke yake? Unaambiwa nenda mpaka kwa yule mama wa mahamri, kata kushoto kwa fundi baiskeli. Vijana wako wanajua mama wa mahamri. Kwa hiyo usitafsiri maelezo, hutamaliza, na toleo jipya linatoka kila mwaka. Watafsirie maneno ya kuulizia. Orodha ya mizizi ya Kiswahili, kila mzizi na majina yake ya Python. Mia mbili zinatosha kwa anayeanza, na kwa mia mbili huhitaji hifadhidata yoyote, ni kamusi ya kawaida:

mizizi = {
    "pang": ["sorted", "list.sort"],
    "ungan": ["str.join"],
    "teng": ["str.split"],
    "hesab": ["len", "collections.Counter"],
}

Halafu kwa kila neno la swali, pitia mizizi yote uone upi umo ndani yake. Imepangwa ina pang. Umemaliza.

Shangazi_Data

Shikamoo mzee. Nimeipenda, ila kuna mtego. Fungua faili ni open. Funga faili ni close. Ufunguo wa kamusi ni dict.keys. Mzizi ukiwa fung, zote tatu zinaingia mlango mmoja.

MzeeWaSahare

Marahaba mwanangu. Mtego kweli, na dawa yake ni mzizi mrefu kushinda mfupi. Weka "fung" iende close, "fungu" iende open, "funguo" iende dict.keys. Panga mizizi kwa urefu, ulio mrefu kwanza, wa kwanza kupatikana ndani ya neno ndio unachukuliwa:

for m in sorted(mizizi, key=len, reverse=True):
    if m in neno:
        return mizizi[m]

Kufunguliwa inakwenda open, imefungwa inakwenda close, funguo zinakwenda zinakotakiwa. Vivyo hivyo kwa rudi: "rudish" ni return, "rudi" ni for na while, maana kijana akisema "irudie mara kumi" anataka kitanzi.

Mizizi mifupi iogope. Usije ukaweka "it" kwa sababu ya kuita fanksheni. Kitanzi ina it, kitabu ina it, sita ina it.

Huyo wa baiskeli simjibu.

Baiskeli_Haina_Breki

Umenijibu mzee 😂

Haya, nami nichangie. Orodha ya maneno usiitunge mwenyewe mkuu. Wewe unajua Python, utaweka maneno ya mtu anayejua Python. Kaa na daftari nyuma yao, andika wanavyouliza kwa midomo yao.

Mpiga_Amri

Kidogo tu. Maelezo marefu yapitishe kwenye pydoc.pager ili yasikimbie juu, itachagua yenyewe less au more kulingana na mashine. Na kabla hujatia rangi uliza sys.stdout.isatty(), ujue kama matokeo yanakwenda kwenye skrini. Mtu akielekeza matokeo kwenye faili halafu akute alama za ajabu ajabu za rangi, atakuchukia.

KijanaWaMakorora

Wakuu nimerudi, nimetumia siku nne. Tafsiri nimeiacha ukurasa wa nne ule ule. HTML ipo kwenye mashine zote tatu, objects.inv imesomeka kama Shangazi alivyosema, ila ilinigomea mpaka nilipofungua faili kama baiti badala ya maandishi. Wiki hii kivinjari hakijafunguliwa darasani, isipokuwa Jumamosi kulikuwa na mechi na nilikuwa nimefungua mimi.

Daftari nimekaa nalo. Nilidhani wataandika "panga orodha". Hakuna aliyeandika panga. Wameandika "zikae vizuri", "kuanzia ndogo", na mmoja "zifuatane". Kuunganisha, wawili wameandika "gundisha". Ya len wameandika "zipo ngapi", nikaweka "ngapi" ikakaa sawa. Mmoja ameandika "python inanigomea" akabonyeza Enter, programu ikamjibu haijapata kitu, akanigeukia ananitazama kama nimemtukana.

Mzee, hiyo niifanyeje?

MzeeWaSahare

Weka "gom". Ipeleke kwenye try na except, maneno ya Python ya kushughulikia makosa, kisha juu yake umwandikie asome mstari wa mwisho wa kosa kabla hajakuita. Wewe mwenyewe hapo juu umeandika "ilinigomea".