Naomba ushauri: mawazo ya Senga niyafungie alama za usemi au niyaache?

Binti_Masaka:
Habari zenu wapendwa. Nina hadithi fupi ya kurasa sita, mashindano yanafungwa Ijumaa, na usingizi sipati kwa sababu ya sentensi mbili tatu. Ni mazishini. Senga, yaani shangazi, ameketi na daftari la mabugo, anaandika majina ya wanaotoa rambirambi. Nimeandika hivi: *Senga alilamba ncha ya penseli, akafunga daftari. Nani angehesabu leo? Marehemu angefufuka ahesabu?* Mawazo hayo niyafungie alama za usemi, niseme "aliwaza kwamba", au niyaache yalivyo? Msomaji wangu wa kwanza aliyaelewa vibaya.

Mwalimu_Jinja:
Dada, yaache. Tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipopitisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima, nasahihisha kauli taarifa hadi macho yanauma. "Nitakuja kesho," mtoto anageuza: alisema kwamba angekuja siku iliyofuata. Anapata alama zake, lakini aliyesema ameshapotea. Yako imebaki na "leo". Hilo "leo" ni la Senga, msimulizi angesema "siku ile". Ukiandika "aliwaza kwamba hakuna ambaye angehesabu siku ile", umemvua gomesi ukamvika suti ya karani.

Kijana_wa_Busia:
Mimi ni mtu wa usemi halisi. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori hapa mpakani. Bibi akimsimulia hasemi "alikasirika", anaitoa sauti yenyewe: "Mnaniona mimi mzigo?" Alifariki nikiwa na miaka minne, na hadi leo namsikia.

Mama_Bombo:
Wanangu, mabugo ni pesa za msiba. Hazichezewi, alama ziwepo zisiwepo. Binti, huyo msomaji wako wa kwanza ni nani?

Binti_Masaka:
Ni ndugu wa nyumbani tu, Mama.

Mama_Bombo:
Ndugu yupi?

Binti_Masaka:
Ni Senga mwenyewe, dada ya baba. Kaka alimsomea kwenye simu. Akanipigia: "Umeniita mwizi juu ya kaburi la kaka yangu!" Nikamweleza kwa upole kwamba si mimi ninayesema, ni mhusika anawaza. Hakutaka kunisikiliza. Lakini jina nimebadilisha, mazishi nimeyahamishia Mityana, na hadithi yenyewe nilishaituma Jumatatu, ingawa wanaruhusu marekebisho. Sioni kosa langu liko wapi.

Mwalimu_Jinja:
Kumbe hilo ndilo ulilotuficha! Mwaka 1857, Paris, mwandishi Gustave Flaubert alifikishwa mahakamani kwa ajili ya riwaya yake Madame Bovary. Mhusika wake Emma, mke wa mtu, anajitazama kwenye kioo, anafurahia kuwa na mpenzi. Furaha ni yake, ila sehemu kubwa imesimuliwa bila alama za usemi, na mwendesha mashtaka akasoma hapo kwamba uzinzi unasifiwa. Flaubert aliachiwa huru. Wewe unasubiriwa na kikao cha ukoo, na kikao hakijui msimulizi ni nani na mhusika ni nani.

Abiria_wa_Ntinda:
Samahani, mimi naona huu uzi wenyewe umetungwa. Someni tena. Maneno ya Senga tumepewa neno kwa neno, na alama ya mshangao juu. Ya binti tumepewa kwa taarifa, yamepigwa pasi, "nikamweleza kwa upole". Mmoja anapiga kelele, mwingine anaeleza, na sisi tumeshachagua upande bila kujua. Na penseli ikilambwa, nani alikuwa karibu kiasi hicho akaona?

Kijana_wa_Busia:
Kweli aisee. Hata mimi nilishaanza kumchukia Senga.

Binti_Masaka:
Situngi. Daftari ninalo hapa, jalada lina doa la chai. Nikijumlisha majina napata shilingi 1,340,000. Zilizomfikia mama ni 1,190,000. Niliona penseli kwa sababu niliketi meza ile ile. Senga alipokwenda jikoni kuangalia matoke, mimi ndiye niliyeshika daftari. Kurasa mbili ni mwandiko wangu.

Mama_Bombo:
Basi mwanangu, hilo "nani angehesabu leo" ulilisikia kinywani mwa Senga?

Mwalimu_Jinja:
Binti, upo?

Binti_Masaka:
Nipo. Nilitoka nje kidogo.
Sikulisikia. Kulamba penseli na kufunga daftari, hayo niliyaona kwa macho. Swali lilinijia mimi, saa nne usiku, wageni wamelala, bahasha iko mapajani mwangu. Sikuchukua hata shilingi mia. Lakini lilinijia, na nilipokaa kuandika nikampa yeye, na kwa kuwa halikuwa na alama wala "aliwaza", hakuna aliyeniuliza ni la nani. Nimewaandikia waandaaji kwamba naleta marekebisho: swali nalihamishia kwa msichana aliyeketi kando yake, na "leo" nalibakiza. Senga nimempigia mara tatu tangu asubuhi, hapokei.